Kadi mbili za njano: safari ya baiskeli kutoka Kigoma kwenda Bujumbura

Mtu wa Rumonge, Burundi, alikuwa anaendesha baiskeli kuelekea Bujumbura na madumu mawili ya mawese kwenye keria. Alikuwa upande wake wa kulia, kama sheria ya nchi yake inavyotaka. Mwenzetu, fundi cherehani wa Mwanga, Kigoma, alikuwa anaelekea Rumonge, upande wake wa kushoto, kama alivyozoea tangu enzi za kutumwa chumvi dukani. Walipoonana kwenye kona kila mmoja alimkwepa mwenzake. Kila mmoja alikwepa vizuri tu, kwa namna ya kwao. Ndiyo maana wakagongana.

Nilikuwa katibu wa safari hiyo, ya waendesha baiskeli wa Kigoma kwenda Burundi. Naandika kwa sababu wenzetu wa Kasulu na wengine wa Tabora wameniuliza zaidi ya mara moja jinsi ya kwenda Burundi kuendesha na klabu za huko, na kila nikiwajibu kwa simu najikuta nasimulia ajali tu, naruka yaliyoizaa. Majina nayaacha, maana kuna watu bado wanataniwa kazini. Ajali yenyewe haikumaliza nusu dakika. Ukiifuata nyuma, hatua kwa hatua, unafika kwenye ujumbe wa maneno manne niliouandika mimi kwenye kundi letu la WhatsApp Jumamosi ya wiki iliyotangulia: "Kadi za njano zipo?"

Mwaliko ulikuwa mtamu. Klabu moja ya Bujumbura ilituomba tujiunge nao Jumapili, kuanzia Kanyosha, kusini mwa jiji, kwa barabara ya kando ya ziwa kupitia Kabezi, Gitaza, Magara na Minago hadi Rumonge. Kama kilomita 70 hivi, ziwa mkono wa kulia, milima mkono wa kushoto. Wanaanzia Kanyosha kwa sababu tangu Machi 2022 serikali ya huko iliziondoa baiskeli, pikipiki na bajaji katikati ya jiji. Kwetu hiyo ilikuwa neema, kwani njia ya kurudi nyumbani inapita huko huko. Tungemalizia Rumonge, tungekula, tungepakia baiskeli juu ya Hiace, tungeshuka hadi Nyanza-Lac, tupande Mabanda na Mugina, tuvuke mpaka pale Manyovu, na Jumatatu kila mtu angekuwa kazini kwake akijifanya hajachoka.

Tulikuwa kumi na mmoja na dereva. Mafuta tulijaza Mwandiga mpaka shingoni. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 460, tangi la Hiace linatosha usipozubaa, na Burundi petroli imekuwa adimu kwa miaka kadhaa sasa, hivyo hukai ukitegemea kituo cha mbele.

Sasa, kwa mtu wa Kigoma Burundi si ughaibuni. Manyovu ni kilomita sitini na kitu kwa lami, unapanda Kalinzi kwenye kahawa na baridi yake, unafika. Muha akisema Kiha, Mrundi anamwelewa. Mrundi akijibu Kirundi, Muha hahitaji mkalimani. Buyenzi, katikati ya Bujumbura, watu wanaongea Kiswahili kama uko Ujiji. Jumuiya ya Afrika Mashariki wameingia tangu 2007. Kila mmoja wetu ana shangazi, mteja au mdeni upande ule. Hapo ndipo tulipoteleza. Tungekuwa tunakwenda Ubelgiji tungeuliza kila jambo mara tatu, tena kwa maandishi. Kwa Burundi tuliuliza mara moja, kwa mkato, na kila mtu akajibu "ndiyo" kwa swali lililokuwa kichwani mwake mwenyewe.

Turudi kwenye kadi. Nilipouliza "Kadi za njano zipo?", nilimaanisha cheti cha kimataifa cha chanjo ya homa ya manjano, kile kijitabu cha njano ambacho Burundi wanakitaka kwa anayeingia. Wa kwanza kujibu alikuwa dereva: "Ipo, mpaka Desemba." Nikatuma dole gumba. Sikujiuliza ni chanjo gani hiyo inayokwisha Desemba, wakati tangu 2016 cheti cha homa ya manjano ukikipata ni cha maisha. Dereva alikuwa anazungumzia kadi nyingine ya njano kabisa: ile ya bima ya gari ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, inayomwezesha mtu kuvuka mpaka bila kukata bima mpya kila nchi. (Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kwenye mpango wa kadi hii ikabaki. Ndoa ilivunjika, kiwanja kikabaki cha pamoja.) Dereva hakukosea hata kidogo. Kwenye kazi yake kadi ya njano ni moja tu.

Mwalimu mmoja wa sekondari, dada mwenye mapafu kuliko sisi wote, alisoma jibu la dereva akaridhika. Mpakani aliniambia, bila hasira: "Dereva alisema ipo, nikajua ni ya gari zima." Nimelifikiria sana jibu hilo. Ni jibu la mtu mwenye akili timamu. Bima ya gari kweli ni ya gari zima.

Wa pili alikuwa mratibu wetu, yule aliyekuwa anaongea na wenyeji tangu mwanzo, mwenye namba zao zote na ratiba nzima kichwani. Yeye alinielewa vizuri. Alikuwa hajachanja, na kesho yake kutwa, Jumatatu, akaenda kuchanja, akapata kijitabu chake kipya kinachonukia wino. Jumamosi asubuhi alikifungua pale dawati la afya kwa madaha. Mhudumu akahesabu kwa vidole, taratibu: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Cheti hicho kinaanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano, na tarehe imeandikwa humo humo ndani. Yeye alikuwa siku ya tano.

Hakuna aliyeonewa. Swali langu lilikuwa na kasoro mbili, na ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza. Halikusema kadi ipi, hilo sawa, wengi tungelicheka likaisha. Lakini hata ningeandika wazi, kwa herufi kubwa, lilikuja siku saba kabla ya safari ilhali jibu lake lilihitaji kumi. Aliyenielewa vibaya na aliyenielewa vizuri wote wawili walirudi Kigoma kwa gari moja la abiria. Siku hizi nauliza mwezi mzima kabla, na siulizi "ipo?". Nasema: piga picha ukurasa wenye tarehe, utume.

Kwenye mpira kadi mbili za njano ni nyekundu. Nasi ikawa hivyo. Mratibu alipogeuka kurudi, alinivuta pembeni ya Hiace, tukiwa tunafunga upya mipira kwenye keria kwa sababu baiskeli mbili zilikuwa zinashushwa. Akanipa namba ya kiongozi wa wenyeji na maelekezo ya kulala. Halafu akasema, na haya ndiyo maneno yake: "Kesho saa moja kamili, Kanyosha, pale mbele ya kituo cha mafuta. Wale hawachelewi." Nikaandika kwenye kiganja kwa kalamu. Saa moja kamili.

Safari ya Jumamosi naipitia haraka. Tulikuwa na hati zetu, wengine pasipoti, wengine hati za dharura. Baiskeli tulikuwa tumeziorodhesha kwenye karatasi na namba za fremu, nakala mbili, na karatasi hiyo ilitusaidia kuliko kitu kingine chochote tulichobeba, maana baiskeli tisa juu ya gari zinafanana sana na biashara. Tulichelewa kuvuka, tukajikuta tumeingia kwenye muda wa kazi za jamii, ambazo Burundi zinafanyika Jumamosi asubuhi na shughuli nyingine husimama. Tukakaa kando ya barabara mpaka watu waliporudisha majembe. Nyanza-Lac tulikula samaki. Wao wanamwita mukeke, sisi mgebuka, ni yule yule wa ziwa lile lile, na dagaa wetu huko ni ndagala. Majina mawili ya kitu kimoja hayakutusumbua kabisa. Yaliyotuponza yalikuwa kinyume chake: jina moja la vitu viwili.

Kwenye gesti tuliambiwa chakula cha jioni saa moja. Kikaja saa mbili. Tukanong'ona kwamba wapishi wa hapa hawana haraka, tukala, tukasahau. Ile sahani ya ndizi na maharage iliyochelewa ilikuwa inatuambia kitu. Hakuna aliyesikia.

Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja. Kigoma tunatumia saa za Dar es Salaam kama Tanzania nzima. Bujumbura wanatumia saa za Lubumbashi na Lusaka. Unaweza kusimama Manyovu ukamwona mtu upande wa pili analima, na yeye yuko saa iliyopita. Tofauti hii kila mfanyabiashara wa mpakani anaijua. Nasi tuliijua, ukituuliza. Tatizo ni kwamba hakuna aliyetuuliza.

Ingekuwa Bujumbura wanahesabu saa kizungu tupu, "saba kamili asubuhi", tungeshtuka, tungekaa chini kukokotoa. Lakini Warundi wanahesabu kama sisi: jua likichomoza ni kumi na mbili, ikifuata ni moja. Neno lilikuwa letu, hesabu ilikuwa yetu, sauti ya aliyeniambia ilikuwa ya jirani yangu wa mtaa mmoja. Saa moja ni saa moja.

Tukafika Kanyosha saa kumi na mbili na dakika hamsini, kwa saa zetu. Dereva akatushusha akarudi gesti kulipa vyumba na kuchukua mizigo. Simu yenye laini ya Burundi ilikuwa yake. Pale kituoni hapakuwa na mtu zaidi ya mlinzi aliyejifunika blanketi na mbwa. Tukapasha misuli. Tukala ndizi tulizoweka akiba ya Magara. Saa moja ikafika, kimya. Saa moja na robo, kimya.

Kijana wetu mmoja, mwanafunzi, akasema simu yake inaonyesha saa kumi na mbili na robo. Simu yake ndiyo pekee iliyokuwa imeshika mtandao wa huko. Nyingine zote zilikuwa zimeandika hakuna huduma tangu Mugina na zinaendelea na saa za Kigoma. Vocha yake ilikwisha usiku kwa kurusha picha za mukeke, hivyo hakuweza kumpigia mtu, ila saa ilikuwa sahihi. Mzee wetu wa Ujiji, mwenye saa ya mkononi ya tangu miaka ya tisini, akamwambia: "Simu yako iliishiwa vocha, sasa imeishiwa na akili." Tukacheka wote. Saa zetu nane dhidi ya yake moja. Tukapiga kura bila kupiga kura.

Na jua likamuunga mkono mzee. Jambo hili mtu wa Dar anaweza asilione, kwa hiyo nalieleza. Kigoma iko magharibi mwa Dar kwa nyuzi kama kumi za longitudo, na jua hutuchelewa karibu dakika arobaini. Saa kumi na mbili kamili Kigoma bado ni usiku, watoto wa shule wanatembea na tochi. Jua letu linachomoza saa moja, inaweza kupungua au kuzidi kidogo. Bujumbura jua linachomoza kumi na mbili ya kwao, ambayo ni saa moja ya kwetu. Kwa hiyo tuliposimama Kanyosha tukatazama mashariki, tukaona jua linachungulia juu ya milima huku saa zetu zinasema moja, tuliona kila kitu kiko mahali pake. Hakuna ushahidi wa mbinguni wala wa duniani uliotupinga, isipokuwa simu ya mtoto.

"Wametuacha," mmoja akasema. Mwingine akakumbusha maneno ya mratibu, kwamba wale hawachelewi. Aliyesema "twende, tutawakuta Kabezi" ni mimi.

Tukaanza kuwafukuzia watu waliokuwa bado wanakunywa chai majumbani kwao.

Usiku wa Jumamosi tulikuwa tumekubaliana jambo moja la busara. Anayetangulia, kila baada ya kusimama, apaze sauti: "Kulia!" Wote waitikie. Katika mazoea ya mwendo mtu hasahau upande; ukiwa katikati ya kundi unafuata tairi la mbele, ukiwa peke yako unafuata magari. Upande unasahaulika pale unapopanda baiskeli upya, barabara ikiwa tupu, mwili ukiendesha bila kukuuliza. Hilo tulilijua. Lakini watu wanaofukuzia hawasimami kwa mpangilio, na hawapazi sauti, wanahema.

Kuna mambo mengine ya upande ambayo hatukuyajua mpaka tulipoyakalia. Vioo, kwanza. Wanne kati yetu wamefunga kioo kidogo upande wa kulia wa usukani, kwa sababu kwetu gari linatupita kulia. Kule magari yanakupita kushoto, na kioo kinakuonyesha majani. Pili, tunapoendesha wawili wawili, mzoefu hukaa nje, upande wa katikati ya barabara, mgeni hukaa ndani. Tulipobadili upande, jozi zetu zilihama kama zilivyo, kwa hiyo wageni wakawa nje, wanapitwa na malori, na wazoefu wamejificha kwenye majani. Hakuna aliyegundua mpaka kilomita ya kumi. Tatu, nilitegemea magari yatatukumbusha, kwamba tukiona dereva kakaa kushoto tutajua tuko ugenini. Ukweli ni kwamba gari nyingi za Burundi zina usukani kulia kama zetu, zimepita bandari ile ile ya Dar. Jicho linaona Probox, dereva yuko kulia, na moyo unasema uko Mwandiga.

Tulipita Mugere bila kusimama. Hapo kuna jiwe la Livingstone na Stanley, limechongwa tarehe 25 Novemba 1871, na kulitembelea kulikuwa sehemu ya ratiba. Mzee wa Ujiji alikuwa ameapa kuwafundisha wenyeji historia, maana wako wanaoamini kwamba hapo ndipo wazungu wale walipokutana kwa mara ya kwanza. Walikutana Ujiji, wiki chache kabla. Kwenda Mugere walikwenda pamoja kwa mtumbwi, wakitafuta kujua kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka, na pale walilala usiku mbili. Hata hivyo mzee alipita kichwa chini, anakanyaga peda.

Mbele ya Kabezi fundi cherehani akapata pancha ya nyuma. Kijana wa simu akabaki naye, sisi tukapunguza mwendo tukiendelea. Ninayoeleza sasa ni ya kijana.

Walivuka barabara kwenda ukingo wa kushoto, chini ya kichaka, kwa sababu huko kulikuwa na kivuli na ukuta mdogo wa mawe wa kuegemeza baiskeli. Wakaipindua, wakatoa tairi kwa mpini wa kijiko, maana vyuma vya kutolea vilikuwa kwenye begi la mratibu, Kigoma. Wakaitafuta tundu kwa kuisogeza tyubu kwenye midomo, ule upepo mdogo unausikia kwenye ngozi kabla ya masikio. Wakakwangua, wakapaka solusheni, wakasubiri ikauke. Hapo fundi hakukosea. Mtu anayeshona suruali za watu anajua kusubiri. Wakabandika, wakajaza. Dakika kumi na tano zote.

Fundi akapanda pale pale alipokuwa amesimama. Kushoto. Mguu wake, mkono wake, shingo yake, vyote vikakubali. Kijana alikuwa anafunga pampu kwenye fremu. Alipoinua kichwa aliona mwenzake ameshafika kwenye kona. Anasema alifungua mdomo kusema "kulia", na akasikia kishindo kabla hajasema.

Simama katikati ya barabara ile, uso kuelekea Rumonge. Kushoto kwako ni mlima. Anayetoka Rumonge anakuja upande huo huo, kwa sababu ndio kulia kwake. Mnaonana ghafla. Wewe, mtu wa Tanzania, mwili wako unajua usalama uko wapi: vuta kushoto, nje ya barabara, kwenye majani. Yeye mwili wake unajua usalama uko wapi: vuta kulia. Kushoto kwa anayekwenda na kulia kwa anayekuja ni ukingo mmoja. Kama mmoja wao angekuwa hajui kuendesha, angebabaika kuelekea katikati, wakapishana.

Waliofika kwanza walidhani ni damu. Dumu moja la lita ishirini lilipasuka na mawese yakatambaa kwenye lami, mekundu mazito, mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa na jembe akaanza kulia. Damu halisi ilikuwa ya goti la mwenye mawese, kidogo. Fundi alivunjika mtulinga. Rimu ya mbele ilijikunja kama namba nane. Tulipogeuka tukafika, watu walikuwa tayari wanamwaga mchanga juu ya mafuta ili magari yasiteleze, bila kuambiwa na mtu, na fundi amekaa ukingoni ameshika mkono wake akisema maneno yale yale: "Nilikwepa. Nilikwepa kabisa."

Dakika arobaini baadaye kundi la baiskeli likatokea. Watu thelathini hivi, fulana za rangi moja, pikipiki mbili zinaongoza. Likatokea nyuma yetu. Nadhani ndipo nilipoelewa yote kwa mpigo, nikatazama kiganja changu kilichoandikwa saa moja kamili, jasho limeshaifuta nusu.

Kiongozi wao hakusema lolote la kutuaibisha. Aliuliza nani kaumia, akapiga simu, Hiace yetu ikaja, fundi akapelekwa kituo cha afya akafungwa mkono vizuri. Bima zetu za afya huko zilikuwa karatasi tu, tulilipa taslimu. Hilo nalo nilikuwa sijaliuliza kabla.

Ikabaki hesabu ya mawese. Mwenye madumu hakutaka ugomvi. Alitaka lita zake ishirini. Akasema: "Laki na ishirini." Dereva wetu, ambaye siku ile alikuwa mtu pekee aliyejiona hana kosa na kwa hiyo mkarimu kuliko sisi wote, akachomoa noti, akahesabu laki na ishirini, akampa, wakashikana mikono. Yule bwana alizitazama muda mrefu kidogo. Sisi tukadhani ni uchungu. Tulikuwa Magara tunanunua maji ndipo mmoja akauliza: "Zilikuwa shilingi au faranga?" Dereva alilipa shilingi. Bei ilikuwa ya faranga, na huko mtaani shilingi moja ya Tanzania inabeba zaidi ya faranga moja. Neno la nne hilo, baada ya kadi, saa na upande. Tulicheka mpaka mzee wa Ujiji akashuka kwenye baiskeli.

Tulifika Rumonge sita, wengine walipanda gari. Wenyeji walitusubiri kila kilima.

Mtu akiniuliza kosa lilikuwa la nani, jibu langu si "la wote", maana hilo ni jibu la kikao. Fundi alisahau upande, ila mwili wake ulifanya kile ambacho tulijua ungefanya. Mratibu alisema saa moja, naye alikuwa na haki ya kudhani ninajua tunakwenda nchi gani. Anayeandaa safari kazi yake ni kuwa mjinga kwa niaba ya wenzake, kuuliza mambo ambayo kila mtu anaona aibu kuyauliza kwa jirani. Kazi hiyo ilikuwa yangu na sikuifanya. Na niliruhusu namba za wenyeji zikae kwa mtu mmoja, kwa hiyo mtu huyo alipoondoka tukabaki na namba moja na kiganja.

Tumekwenda tena mara moja. Ujumbe wa muda ulisomeka "saa 1 ya Bujumbura, saa 2 ya Kigoma", watu watatu walikuwa na laini ya Burundi, na kila usukani ulifungwa kitambaa chekundu kwenye mkono wa kulia, kipande cha suruali alichokitoa fundi mwenyewe. Tukisimama tunasimama kulia, hata kama kivuli kiko kushoto. Mzee wa Ujiji bado hajabadili saa yake. Anasema akirudi Manyovu itakuwa sahihi yenyewe.

Miezi miwili baada ya ajali, mmoja wa wenyeji alikuja Kigoma kwa shughuli zake akapita kwa fundi, Mwanga. Alikuwa na dumu la lita tano, limefungwa kwa nailoni na mpira wa tyubu. Mawese, kuletwa Kigoma. Ubavuni, kwa kalamu nene, mtu wa Rumonge alikuwa ameandika: CHENJI.